Tuzo ya Wasio na Mama

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikupigia simu kukwambia ameshinda, kabla hujaruka muulize kashinda nini na kashindaje. Mimi sikuuliza. Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoishia. Dougal, baba yake Rhona, alikuwa amebeba masanduku yake na kuhamia Aberdeen kwa yule mwanamke wa duka la mazulia. Duka la mikate ninakooka, hapa Portlennie, mji wetu mdogo wa pwani, lilikuwa limenipunguzia zamu. Na Rhona, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo kikuu kile kikongwe, kile cha wanafunzi wa majoho mekundu. Ada huku hatulipi, lakini kodi ya chumba katika mji ule inamtoa mtu roho. Nilikuwa nimeshamwambia aahirishe. Ndipo akapiga simu analia.

"Mama, nimepata! Tuzo ya Bi Kinnear! Chumba, chakula, vitabu, mpaka namaliza!"

Nilipiga magoti palepale jikoni.

Sikuuliza Bi Kinnear ni nani wala anawapa watoto wa namna gani. Shule niliyoimaliza mimi ni ya msingi. Ya sekondari niliingia, mama yangu akaugua, nikatoka kwenda kuoka. Chuo kikuu kikishasema jambo, mimi nani niulize?

Basi leo nawasimulia karamu ya wafadhili.

Ilikuwa Novemba. Rhona alikuwa amekuja nyumbani mwisho wa juma, akaniambia kuna chakula cha jioni cha wafadhili na watu waliosoma pale zamani, nao washindi wa tuzo wanakaa meza ya mbele.

"Wazazi hawaalikwi?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Wanafunzi na wafadhili tu."

"Hata nikisimama mlangoni nikupige picha moja?"

"Mama! Nimesema hapana. Utachoka bure na mabasi."

Nilidhani ananionea haya. Nikameza. Mtoto akifika umri ule kila mzazi ni aibu, hata mimi nilimwonea haya mama yangu. Laiti ingekuwa haya.

Alipokwishaondoka, nikaviona viatu vyake vyeusi nyuma ya mlango. Viatu vyake vizuri, pea moja tu aliyonayo. Nikamwona mwanangu kwa mawazo, amesimama mbele ya matajiri na zile raba zake zenye tope. Siku ya karamu nikamaliza zamu, nikavaa koti langu la kanisani, nikatia viatu kwenye mfuko wa plastiki, na mkebe wa biskuti za siagi nilizooka mwenyewe kwa ajili ya huyo Bi Kinnear. Nikapanda basi.

Mvua ilininyeshea kutoka kituoni hadi mlango wa chuo. Mapokezi palikuwa na msichana mwenye beji kifuani.

"Habari za jioni, mama. Umealikwa na nani?"

"Sijaalikwa, binti. Nimemletea viatu Rhona Duthie. Mimi ni wa kwao."

Uso ukambadilika. Akatoka nyuma ya meza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wa kwao Rhona! Ooh. Pole sana."

"Mvua tu hii. Nimeshaizoea."

"Hapana, namaanisha pole kwa yote. Wewe utakuwa mama yake mdogo. Mnavyofanana! Rhona alituambia kwao hakuna atakayeweza kuja. Ingia, ingia, kuna kiti kitupu. Bi Kinnear atafurahi mno."

Kabla sijafungua mdomo kusema mimi si mama mdogo wa mtu, koti lilikuwa limeshavuliwa na mtu mwingine, na mimi nasukumwa taratibu ukumbini na mfuko wangu wa viatu.

Nikakalishwa meza ya nyuma, karibu na bwana mmoja mnene aliyevaa sketi ya ukoo wake, vazi la sherehe la wanaume wa huku, imembana tumbo hadi mkanda unalia. Akajitambulisha kuwa anaitwa Torquil.

"Na wewe ulimaliza hapa mwaka gani?"

"Sikusoma hapa. Naoka mikate."

"Afadhali! Angalau humu kuna mtu mmoja anayefanya kazi." Akacheka mwenyewe, akanisogezea siagi. "Supu ni ya samaki wa moshi, inaliwa. Nyama ya kulungu iache, utavunja jino. Umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikamwonyesha. Meza ya mbele wamekaa mabinti wanne wenye majoho mekundu, na Rhona wangu yuko mwisho kabisa, nywele zake nyekundu zimebanwa vizuri. Pembeni yake amekaa bibi mzee mwenye nywele nyeupe. Nikamwona yule bibi anainua mkono, anamwondolea Rhona unywele usoni, hivi, kama kitu anachokifanya kila siku.

Nikatazama chini ya meza. Rhona amevaa viatu vipya. Vya mahameli.

"Ooh, yule wa mwisho," akasema Torquil. "Pole sana, mama. Wa mwisho ndiye mkali. Wanawapanga hivyo makusudi. Wa kwanza anakulegeza, wa mwisho anakumaliza. Mwaka jana niliapa sitoi kitu. Binti wa mwisho akafungua mdomo, nikajikuta nimeahidi kuwajengea nusu ya maktaba."

"Anafungua mdomo kufanya nini? Anaimba?"

Akaniangalia kama mtu aliyetaniwa wakati mbaya.

Kabla hajajibu, akasimama bwana mmoja mwembamba, Bwana Petrie, mkuu wa ofisi inayoshughulika na wafadhili. Akagonga glasi kwa kisu. Ukumbi ukatulia.

"Marafiki wa chuo," akaanza, "wengi wenu mnamjua Bi Wilma Kinnear. Alifiwa na mama yake, Elspeth, akiwa mtoto wa miaka tisa. Akaja kusoma hapa akiwa hana wa kumfungia mzigo. Mungu alipomjalia mali, akaapa kwamba binti aliyefiwa na mama hatashindwa kusoma chuo hiki kwa kukosa wa kumtunza. Kama ilivyo desturi yetu, kila binti atamtaja mama yake, nasi tutasimama kumkumbuka."

Binti aliyefiwa na mama.

Nikajiambia, hapana, Rhona yuko pale kwa tuzo nyingine. Meza imejaa, wamemkalisha tu. Au Bwana Petrie amesoma karatasi ya karamu nyingine. Akili ya mtu mzima ikibanwa hutafuta hata tundu la panya ipite.

Binti wa kwanza akasimama. "Mama yangu aliitwa Agnes. Alikuwa muuguzi." Akasema mawili matatu, sauti ikamkatika. Watu wote wakasimama, wakainua glasi. "Agnes," wakasema kwa pamoja. Wakakaa. Wa pili. Wa tatu. Torquil alikuwa ameshatoa leso.

Akasimama wangu.

"Mama yangu aliitwa Ishbel Duthie."

Ishbel Duthie ni mimi.

"Alikuwa mwokaji," Rhona akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, kila mtu akainama kumsikiliza. "Alikuwa akirudi nyumbani asubuhi unga umemjaa kwenye nyusi. Nilikuwa namwita Mama Theluji. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo, nikipita mahali mkate unatoka motoni, nageuka kumtafuta."

Jina hilo la Mama Theluji ni la kweli. Ni letu sisi wawili. Halijawahi kutoka nje ya nyumba yangu, hata Dougal halijui. Na sasa limetandikwa mezani kati ya nyama ya kulungu na mvinyo.

Viti vikalia. Ukumbi mzima ukasimama.

Nami nikasimama. Nichekeni. Miguu ilinyanyuka yenyewe, kama kanisani. Nikashika glasi. "Ishbel," wakasema wote, na mdomo wangu nao ukasema, "Ishbel." Nikanywa. Nilikunywa kwa kumkumbuka marehemu mimi.

Torquil akaniwekea leso yake mkononi. Mwenyewe machozi yalikuwa yanachuruzika hadi kwenye ndevu.

"Alikuwa dada yako?"

"Tulikuwa karibu sana," nikamjibu.

Bwana Petrie akapita nyuma yetu akimnong'oneza mwenzake, sauti ya mtu aliyeshiba. "Safi kabisa. Mwaka huu wamelia kuliko mwaka jana. Pitisheni zile kadi za ahadi sasa hivi, kabla hawajakausha macho."

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Niligeuza uso kumtafuta mwanangu, naye akawa ananitazama. Alikuwa ameniona. Akawa mweupe kama unga.

Nikamwonyesha mlango kwa kidole kimoja tu. Anakijua kidole hicho tangu utoto.

Alinikuta kwenye choo cha wanawake, mwisho wa ukumbi. Nikafunga mlango.

"Mama..."

"Mama yupi? Wako si kafa? Nimetoka kumnywea glasi sasa hivi."

"Mama, tafadhali, punguza sauti."

"Maiti hapigi kelele, siyo? Basi leo utamsikia wa kwanza. Nilikufa kwa nini?"

"Tusiende huko..."

"Nauliza! Niligongwa na lori? Nilianguka bandarini? Mtu ana haki ya kujua kilichomuua!"

Akatazama chini, kwenye viatu vyake vya mahameli.

"Mapafu," akasema.

"Mapafu! Mimi? Mimi ninayekuita ule ukiwa ufukweni ukasikia?"

"Mama, nisikilize kidogo tu." Akaanza kulia, lakini kilio cha hasira, alichokirithi kwangu. "Nilizisoma tuzo zao zote. Zote! Kuna ya watoto wa wachungaji. Kuna ya watu wa ukoo wa Leckie, uwe Leckie basi, hata kama kichwani ni jiwe. Kuna ya aliyezaliwa kisiwani. Kuna ya anayepiga zumari. Za maskini nikajaza, wakasema sisi si maskini vya kutosha, kwa sababu mshahara wa Baba bado unahesabiwa kama wetu. Mshahara wa Baba, Mama! Kila mlango umesimamiwa na mtu aliyekufa zamani, ndiye anachagua nani aingie. Ukabaki mlango mmoja."

"Ule unaopitia juu ya maiti yangu."

"Yalikuwa maneno tu."

"Na hao wasomi wote hawakutaka hata cheti cha kifo?"

"Bi Kinnear kakataza. Anasema alipokuwa mdogo karani alimdai cheti cha mama yake huku anatafuna tufaha, akaapa hatamfanyia hivyo binti wa mtu. Wanaongea tu na mtu mmoja wa familia, basi."

"Mtu gani?"

Akageuka kuosha mikono.

"Rhona. Waliongea na nani?"

"Baba."

Nikakaa juu ya ndoo ya taka, iliyokuwa na mfuniko.

Dougal. Mwanamume asiyekumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Aliyeshindwa kuja kurekebisha bomba jikoni nikachota maji kwa vikombe. Kumbe nafasi ya kunizika aliipata.

"Alilia?" nikauliza.

"Nini?"

"Alipowaambia nimekufa. Alilia?"

"Alisema... alisema ilikuwa ghafla."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, na kicheko chenyewe kikanitisha. Kisha nikanyanyuka, nikamrushia mfuko wa viatu kifuani.

"Haya, viatu vyako. Naona umeshanunuliwa vingine. Sogea nipite. Nakwenda kusimama mbele ya yule mwembamba mwenye kadi zake, niwaambie wanirudishie ile glasi."

Rhona akauegemea mlango.

"Ukisema, hawaninyang'anyi tuzo tu. Wananifukuza chuo. Ni udanganyifu, Mama, wanauandika, na hakuna chuo kingine kitakachonigusa. Halafu nirudi Portlennie nikafanye nini? Nikaoke?"

Akajiuma mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mnaona, hilo la kufa ningelimeza. Ningelitafuna taratibu kwa miezi, nikalimeza. Hilo la pili ndilo lililonikaa kooni. Mikate hiyo ndiyo iliyomlea. Mikate hiyo ndiyo aliyoitumia pale mbele kuwaliza matajiri. Mbele ya watu ni harufu ya mama mpendwa, chooni ni tusi.

Nilikuwa nimeshainua mkono, sijui kumsogeza au kumzaba, mlango ukagongwa taratibu kwa fimbo.

"Rhona, mwanangu? Uko huko? Wameniambia mama yako mdogo amekuja."

Mwanangu, alimwita.

Rhona akasogea, akaingia Bi Kinnear, yuleyule bibi wa nywele nyeupe. Nilikuwa nimejitayarishia mchawi, mwanamke wa dhahabu shingoni, nipate pa kuielekeza hasira. Nikaletewa bibi kizee wa sweta la kijivu, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, macho yamevimba kwa kulia. Akanitazama mimi, akamtazama Rhona.

"Ni huyu?"

Mdomo wa chini wa Rhona ulikuwa unamchezacheza, vilevile kama alivyokuwa akifanya kwa daktari wa meno, akisubiri mimi niseme neno ndipo ajue kama ataumia.

Ningeweza kulisema. Neno moja tu, nalo ni la kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni mama yake mdogo. Naitwa Netta."

Sina dada. Sijawahi kuwa naye. Hapo sasa sikuuawa na Rhona wala na Dougal. Nilijimalizia mwenyewe.

Bi Kinnear akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaona makovu ya tanuri.

"Na wewe unaoka!"

"Ndiyo. Tanuri moja, mimi na marehemu."

"Basi wewe ndiye uliyemlea." Akaubana mkono wangu. "Sikiliza, Netta. Nimewasomesha mabinti wengi. Sijapata kuwa na huyu. Dada yako aliacha dhahabu. Nimemwambia Rhona chumba cha juu nyumbani kwangu ni chake, na nashukuru sana kwamba mmekubali aje kwangu Krismasi."

Nikamgeukia Rhona. Krismasi alikuwa ameniambia atafanya kazi hotelini, ndiyo maana hatakuja. Nilikuwa nimeshaanza kumfumia soksi za kumtumia kwa posta.

"Ndiyo," nikasema. "Tumekubali."

"Na kesho mtanivumilia. Rhona amekwambia kuhusu kesho?"

"Bi Kinnear," Rhona akadakia, "si lazima kesho, barabara za kule mbaya, na mvua hii..."

"Mvua ndiyo nzuri, ardhi inalainika." Akanielekea mimi tena. "Ni desturi yangu. Kila mwaka, kabla ardhi haijaganda, naenda kwenye kaburi la mama wa kila binti mpya. Nafukia vitunguu vya maua, vile vinavyolala udongoni hadi baridi iishe, kwa mikono yangu hii, ili majira ya kuchipua yakifika awe na kitu cha kutazama. Wenzake watatu nimeshamaliza. Amebaki Ishbel."



"Rhona aliniambia kaburi halina jiwe," akaendelea, sauti ikatetemeka. "Kwamba kila akienda hawezi hata kulipata vizuri kwenye majani. Nililia usiku ule. Kwa hiyo nimefanya jambo, na msinikasirikie."

Akatoa simu yake, akaishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaipapasa kwa kidole, akanipa.

Lilikuwa jiwe la kaburi. Jiwe la kijivu, la hapa kwetu, limesuguliwa hadi linang'aa.

ISHBEL DUTHIE. MWOKAJI. MAMA YAKE RHONA.

Chini yake pameachwa wazi.

"Tarehe watachonga palepale. Mtoto anasita kunitajia, wala simlaumu. Lori linaondoka kesho asubuhi. Wewe utatuonyesha mahali, siyo, Netta?"

Nimeoka mikate ya misiba ya watu wote wa Portlennie. Sijapata kumwona mtu anayeulizwa alipozikwa.

"Nitawaonyesha," nikasikia sauti yangu ikisema.

Rhona alikuwa amefumba macho.

"Mungu akubariki. Kuna jambo moja tu linanitatiza. Mchungaji wenu pale, Farquhar. Mchana nilimwachia ujumbe kwenye simu nikamweleza kila kitu, jina la marehemu, jiwe, lori, kila kitu, nikamwomba atufungulie geti la makaburini. Hajanijibu. Unamfahamu?"

Namfahamu. Ndiye aliyenifungisha ndoa na Dougal, ndiye aliyembatiza Rhona. Kila Jumamosi anakuja mlango wa nyuma wa duka kuchukua mikate yake ikiwa moto, tunagombana kuhusu mahubiri.

Ndipo mkoba wangu ukaanza kulia.

Nikaitoa simu ili niizime. Bi Kinnear alikuwa amesimama karibu sana. Hata macho yake mabovu yaliweza kusoma hilo moja, kwa sababu mimi huandika majina kwa herufi kubwa.

MCHUNGAJI.

"Ndiye huyo!" akasema, uso ukamchangamka. "Ni kuhusu jiwe, bila shaka. Pokea, mpenzi, pokea, niongee naye."

Simu ikaendelea kulia. Nikamtazama mwanangu. Nilikuwa bado namtafutia njia, nawaambieni kweli. Nilikuwa tayari kuiangusha ile simu kwenye beseni la maji, kujifanya nimezimia, chochote. Nilichokuwa nasubiri ni jicho lake tu, jicho la mtoto anayemtazama mama yake.

Rhona akafumbua macho. Akaupanga uso. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, haikutetemeka hata kidogo:

"Usipokee, mama mdogo. Utampigia baadaye."

Angeniita hivyo kwa kubabaika, ningesema ameshikwa pabaya. Lakini nilimwangalia usoni na sikuona aliyeshikwa pabaya. Niliona mtu aliyeshazoea. Alilisema kama jina langu.

Mchungaji Farquhar ni kiziwi wa sikio moja, na kila mara akinipigia hupiga kelele kama yuko mimbarani. Na hajawahi, tangu nimjue, kuanza mazungumzo bila kunitaja jina langu lote.

Nililijua hilo. Msije mkasema sikujua.

Nikapokea. Nikabonyeza pale pa sauti kubwa. Nikaiweka simu kati yetu watatu, mkono wangu wa pili bado uko ndani ya mikono ya Bi Kinnear.

"Mama!" Rhona akapiga ukelele. Sasa ndiyo nikawa mama.

"Niko hapa, Mchungaji," nikasema. "Paza sauti, sikusikii vizuri."

"ISHBEL DUTHIE!" Sauti ikajaa choo kizima, ikagonga vigae. "Ishbel, uko wapi wewe? Kuna mwanamke kaniachia ujumbe eti analeta lori na jiwe la kaburi lako! Nimekwenda dukani, hupo! Nimegonga kwako, hupo! Binti yangu, uko hai?"

Bomba la maji lilikuwa linadondosha.

Nilisubiri mikono ya Bi Kinnear iniachie. Haikuniachia. Vidole vyake vya kizee vilikaza juu ya makovu yangu hadi vikaniuma, akageuza uso taratibu, akamtazama Rhona.